Punda Milia ni Punda Kweli

Kama uko jikoni, punguza moto kidogo usikilize. Kama uko njiani, endelea na safari yako, tutakwenda pamoja.

Leo nimekuja na swali, na swali lenyewe si langu. Ni la mtoto wa jirani yangu, binti wa darasa la tatu, siku aliyorudi kutoka ziara ya shule kule Tsavo Mashariki. Alinikuta nimekaa barazani. Viatu vyake vilikuwa bado vyekundu kwa udongo wa huko. Hata hakuvivua, akaniuliza: "Mjomba, punda milia ni punda au ni farasi?" Nikamwuliza, wewe waonaje? Akasema: "Mwili ni wa farasi. Amejaa, mzuri. Lakini jina ni la punda."

Je, msikilizaji, wewe ungemjibu nini?

Wengi wetu tungesema ni farasi mwenye mistari, na kwamba wazee walimwita punda kwa sababu punda ndiye waliyemzoea. Mimi mwenyewe niliamini hivyo miaka mingi. Kumbe sivyo. Wazee walipomwita punda milia, walipatia barabara. Wanasayansi waliosoma vinasaba vya wanyama hawa wametuonyesha kwamba zaidi ya miaka milioni nne iliyopita ukoo huu uligawanyika pande mbili. Upande mmoja akabaki farasi. Upande wa pili wakabaki punda na punda milia pamoja. Kwa hiyo punda milia na punda ni ndugu wa karibu zaidi kuliko yeyote kati yao na farasi. Narudia, maana hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo ya leo: punda milia yuko upande wa punda.

Wenye maabara wamelijua hilo kwa kusoma vinasaba. Wazee walilijua kwa kutazama. Basi na sisi tutazame.

Anza na mkia. Mkia wa farasi ni singa ndefu tangu shina hadi ncha, zinamwagika kama nywele za mtu. Mkia wa punda ni kama wa ng'ombe: una nyama na manyoya mafupi, halafu mwishoni kuna kishungi. Na wa punda milia je? Ni huohuo wa punda, wenye kishungi mwishoni. Sasa njoo shingoni. Singa za farasi huanguka upande mmoja, na nyingine humfunika hata macho. Za punda husimama, na za punda milia zimesimama wima kama brashi mpya ya viatu.

Kuna alama nyingine ambayo wachache huijua. Ukimpata farasi mpole, mwenyewe akakuruhusu kumkaribia, tazama upande wa ndani wa miguu yake. Utaona kibonge kigumu kisicho na manyoya, kama sugu ya mkono wa mkulima. Farasi ana sugu hizo miguu yote minne. Punda anazo miguu ya mbele tu. Na punda milia? Miguu ya mbele tu. Mtu anaweza kumpaka farasi rangi akampa mistari, lakini hizo sugu za nyuma hawezi kuzificha.

Mpaka hapo tuko pamoja? Haya, tuuangalie ukoo wenyewe.

Ukoo wa farasi ni mdogo. Aina zilizo hai leo ni saba tu: farasi, punda, punda mwitu wawili wa Asia, na punda milia watatu. Wote hukanyaga kwa kidole kimoja, na kidole hicho kimevaa kwato moja nzima. Ng'ombe, mbuzi na swala kwato zao zimepasuka katikati. Hiyo ndiyo njia ya haraka ya kujua nani ni wa ukoo huu na nani si wake. Anayewafuatia kwa udugu atakushangaza: ni kifaru, mwenye vidole vitatu kila mguu.

Hapa lugha yetu ina mtego mmoja. Ukisema nyumbu, msikilizaji wa Arusha anawaza yale makundi yanayovuka mto Mara. Yule nyumbu wa Serengeti ana pembe na kwato zilizopasuka, naye ni ndugu wa kongoni, hana udugu na farasi. Lakini katika Kiswahili kuna nyumbu mwingine, ambaye pia huitwa baghala. Huyo ni mtoto wa baba punda na mama farasi. Masikio yake ni marefu ya baba, mwili ni mkubwa wa mama, naye hubeba mzigo mzito kwa chakula kidogo. Farasi ana kromosomu 64, punda ana 62, na baghala anapata 63. Idadi hiyo haigawanyiki sawa kwa mbili, na ndiyo maana baghala karibu wote hawazai. Kila baghala unayemwona, mama yake alikuwa farasi. Ukoo wa mabaghala wenyewe haupo.

Sasa tuje kwa farasi, maana najua wapo wanaonisikiliza walio karibu na kiwanja cha mbio cha Ngong Road, Nairobi, kilichofunguliwa mwaka 1954, na wapo Dar es Salaam waliozoea kuwaona farasi wa kikosi cha polisi. Swali ninaloulizwa sana ni hili: farasi yule ni wa aina gani? Na muulizaji huanza na rangi. Ni mweupe, ni mweusi, ni wa kahawia.

Ndugu yangu, rangi iweke kando kwanza. Rangi si nasaba. Farasi wa rangi ya kahawia wapo katika karibu kila nasaba duniani. Na yule unayemwita mweupe, uwezekano mkubwa alizaliwa na rangi nyeusi au ya kahawia, kisha akawa anapata mvi mwaka baada ya mwaka mpaka akawa mweupe wote. Mtazame puani, ambapo manyoya ni haba: ngozi chini ni nyeusi. Kwa hiyo anayetaka kujua nasaba, atazame umbo: uso, shingo, miguu, na namna mnyama anavyosimama.

Farasi wa Kiarabu ndiye rahisi kumtambua kuliko wote. Uso wake umebonyea kidogo chini ya macho, hauendi moja kwa moja kama ubao. Macho ni makubwa na yameachana, pua imefunguka pana, mgongo ni mfupi. Akianza kukimbia anauinua mkia juu kama bendera. Jangwani alifugwa karibu na hema la mwenyewe, akazoea watu, akazoea joto na maji machache. Sisi watu wa pwani tuna historia naye. Mwaka 1840 jahazi kubwa la Sayyid Said lililoitwa Sultana liliondoka Unguja likafika New York, na katika zawadi zilizopelekwa kwa rais wa Marekani walikuwemo farasi wawili wa Kiarabu. Hebu waza wale mabaharia, wanawalisha na kuwanywesha farasi wawili katika bahari kuu.

Yule wa mbio unayemwona Ngong ni mwingine. Ni mrefu, mwembamba, ana miguu mirefu na kifua kirefu cha kubebea pumzi. Nasaba yake ilitengenezwa Uingereza, na kwa upande wa baba farasi wote wa nasaba hiyo wanarudi kwa madume watatu tu waliopelekwa huko kutoka nchi za Mashariki karne tatu zilizopita. Ukimwona amesimama, masikio yanageuka huku na huku na ngozi inatetemeka nzi akitua. Ni mnyama wa moto moto, anasubiri kuambiwa nenda.

Kinyume chake ni farasi wa kazi nzito, kama wale wa Uingereza waitwao Shire. Hao wana shingo nene, kifua kipana, na manyoya marefu yanayofunika kwato kama suruali pana. Mmoja anaweza kufika uzito wa tani nzima. Na wapo wafupi, kama wa visiwa vya Shetland kaskazini ya Uskoti, ambao mgongo wao ni kimo cha kiuno cha mtu mzima. Wengi hudhani huyo mfupi ni mtoto wa farasi. Si mtoto, amekomaa kabisa, umbo lake ndilo hilo. Mtoto wa farasi utamjua kwa miguu mirefu kupita kiasi na mkia mfupi wa manyoya laini.

Kule Mongolia yupo farasi wa mwitu, wa rangi ya mchanga, mwenye singa zilizosimama. Alikuwa ameshatoweka porini, akabaki katika bustani za wanyama tu, kisha tangu mwaka 1992 akarudishwa kwao kidogo kidogo.

Lakini mbona kwetu farasi ni wachache? Umewahi kujiuliza? Nyasi tunazo, nafasi ipo, Waarabu na Wazungu walileta farasi. Jibu ni mdudu. Ni mbung'o, mwenye kuambukiza nagana, na pamoja naye kuna ugonjwa wa farasi wa Afrika unaoenezwa na visubi. Farasi alitoka nyika za mbali kaskazini, mwili wake haukuyajua maradhi haya.

Hapa naomba unisikilize vizuri. Katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi yalileta farasi na mabaghala kupigana katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Wakafa kwa maelfu. Wanyama wa kubeba mizigo walipokwisha, ni nani aliyebeba? Ni watu. Mamia ya maelfu ya watu wetu walichukuliwa kubeba unga, risasi na mizinga vichwani na mabegani, na makumi ya maelfu hawakurudi makwao. Kikosi chao cha wapagazi kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Ulimi wetu ukalisema Kariakoo. Ukinunua nyanya leo Kariakoo, Dar es Salaam, au ukipita Kariokor, Nairobi, unataja kazi ambayo mbung'o aliwanyang'anya wanyama na wakubwa wa vita wakawatwika binadamu. Kila ninapopita soko lile nawakumbuka.

Na punda milia je? Yeye anaishi katikati ya mbung'o na yuko hai. Kwa muda mrefu watu walibishana mistari ile ni ya nini. Ni ya kujificha? Ni ya kumchanganya simba? Mwaka 2019 watafiti huko Uingereza waliwavisha farasi makoti yenye mistari kama ya punda milia. Pange, wale nzi wakubwa wanaouma mifugo, waliwafuata kama kawaida. Lakini walipofika karibu na koti walishindwa kutua, wakapita au wakajigonga. Kwenye kichwa cha farasi, ambacho hakikuvishwa, walitua vilevile. Kwa hiyo nguo ya punda milia inamkinga na wadudu, na mimi naona hapo pana mantiki zaidi kuliko hadithi zote za kumchanganya simba.

Sasa, punda milia nao si mmoja. Yule wa Mikumi, Serengeti, Maasai Mara na Nairobi ana mistari mipana inayozunguka mpaka chini ya tumbo. Husikii kwake mlio wa punda. Anabweka kwa haraka, kwa-ha, kwa-ha. Ndugu yake wa Afrika Kusini, aliyekuwa na mistari mbele tu, alipewa jina la kwaga kutokana na mlio huohuo. Aliwindwa akaisha. Wa mwisho alikufa katika bustani ya wanyama ya Amsterdam mwaka 1883. Wa milimani, huko Namibia, Angola na Afrika Kusini, ana ngozi inayoning'inia kooni.

Na yupo wa tatu, wa kwetu kabisa. Huyu yuko Samburu, Laikipia, Marsabit, na sehemu za Ethiopia. Anaitwa punda milia wa Grevy, kwa jina la rais wa Ufaransa aliyepelekewa mmoja kutoka Uhabeshi mwaka 1882. Ni mkubwa kuliko punda milia wote. Masikio yake ni mapana na ya mviringo. Mistari ni myembamba, imesongamana, lakini tumbo limeachwa jeupe. Hakai na familia moja mwaka mzima kama yule wa Mara. Dume hushika eneo lake, akawasubiri majike wapite, na hiyo ni desturi ya punda mwitu. Wamebaki takriban elfu tatu tu duniani, na wengi wao wako Kenya. Na mlio wake je? Huyo akifungua kinywa, analia kama punda. Ungekuwa umefumba macho ungeapa kuna punda wa mtu amekata kamba.

Je, inawezekana kumfuga? Daktari mmoja Mgoa wa Nairobi ya zamani, Rosendo Ribeiro, alikuwa akimpanda punda milia kwenda kuwaona wagonjwa, na picha yake ipo. Lakini punda milia hawakuwa mifugo. Punda milia amekulia kati ya simba, na ameumbwa kuuma na kupiga teke kwanza. Udugu wake na punda, hata hivyo, haujakatika. Mwaka 2020, kule Chyulu, punda milia jike aliyekuwa amepotelea nje ya hifadhi alionekana na mtoto mwenye mwili wa kahawia na mistari miguuni tu. Baba yake alikuwa punda wa kijijini.

Basi tumalizie kwa punda mwenyewe, ambaye tunamwona kila siku bila kumtazama.

Twende Lamu. Ni saa mbili asubuhi, katika vichochoro ambavyo watu wawili wakikutana mmoja hubana ukutani. Unasikia nyuma yako: "Simile! Simile!" Unageuka. Ni kijana na punda wanne, kila mmoja ana shogi mgongoni, limejaa mchanga wa kujengea. Punda hawatazami kulia wala kushoto. Mmoja anafika penye ngazi iliyobomoka, anasimama. Kijana anamsukuma, hataki. Watu wanasema, punda mkaidi. Lakini mtazame: ameinamisha kichwa, anapima ile ngazi, anaweka mguu mmoja, anauondoa, anauweka pengine, kisha anapanda. Farasi akiogopa hukimbia. Punda akiogopa husimama akafikiri. Tumeita hekima yake ukaidi, kisha tukamchapa kwa ajili hiyo.

Tazama mgongo wake. Kutoka shingoni mpaka mkiani kuna mstari mweusi. Mabegani kuna mwingine unaoukata, ukashuka pande zote mbili. Wengine wana pete nyembamba za rangi nyeusi miguuni. Hizo ni alama za babu zake. Punda mwitu wa Afrika bado yupo, katika majangwa ya Eritrea na Ethiopia, naye wa upande wa Wasomali ana miguu yenye mistari safi kama ya punda milia. Wako wachache mno, ni kati ya wanyama walio katika hatari kubwa zaidi duniani. Utafiti wa vinasaba uliotolewa mwaka 2022 ulionyesha kwamba punda wote wa duniani, wa China, wa Hispania, wa Peru, walitokana na punda waliofugwa mara moja tu, miaka kama elfu saba iliyopita, katika upande huu wa Afrika Mashariki. Farasi aliletwa. Punda ni wa hapa.

Tunasema shukrani ya punda ni mateke. Mimi usemi huo siupendi. Punda anayepiga teke mara nyingi ana kidonda chini ya tandiko ambacho hakuna aliyekichungulia. Na katika miaka ya karibuni amepata adui mpya. Ngozi yake inachemshwa kutoa gundi ya dawa inayoitwa ejiao huko China, na kwa ajili hiyo punda wamechinjwa kwa wingi, wengine wakaibwa usiku. Mama aliyelala akijua ana punda zizini aliamka asubuhi hayupo, akabeba mitungi mgongoni mwake mwenyewe. Februari 2024, viongozi wa Umoja wa Afrika waliokutana Addis Ababa walikubaliana kupiga marufuku kuchinja punda kwa ajili ya ngozi barani kote. Ni uamuzi mzuri, na utafaa kitu pale tu polisi na viongozi wa mitaa watakapoufuatilia.

Yule binti nilimjibu hivi: ni punda, mwanangu, jina lake ni la kweli. Akaniuliza tena, kwa hiyo punda wa muuza maji ni ndugu yake? Nikamwambia ndiye. Siku ya pili nilimwona kando ya barabara, mkono mmoja umeshika begi la shule, anachungulia mabega ya punda wa muuza maji anatafuta mistari.

Msikilizaji, nawe kesho ukipita karibu na punda, simama kidogo uutafute mstari wa mabegani. Na kama punda ni wako, leo kabla hujalala ondoa tandiko, pitisha mkono mgongoni uone kama kuna kidonda, kisha mpe maji anywe mpaka atosheke.